Kata Eneo Kwanza, Nyundo Baadaye

Ardhi ya kutafuta mawe kuzunguka Arusha na Moshi ni kubwa kuliko miguu ya mtu. Chukua karatasi moja tu ya ramani ya jiolojia, zile zinazoigawa nchi kwa mapande ya nusu nyuzi kwa nusu nyuzi. Kila upande una kama kilometa 55, jumla kilometa za mraba 3,000 na ushee. Watu wawili wenye nyundo, chekecheke na maji ya kutosha wakijitahidi watakagua vizuri kilometa za mraba mbili au tatu kwa siku. Ndiyo maana wengi hurudi mjini na vumbi tu: walikwenda mahali ambapo jiwe lisingeweza kuwepo, na jambo hilo lingeonekana kwenye skrini kabla hawajapanda gari.

Ramani ya mtandaoni haikuonyeshi jiwe. Picha nzuri za Google Earth zina pikseli ya karibu nusu mita, na za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo ni bure na hutoka mpya kila baada ya siku chache, zina pikseli ya mita 10. Rubi ya sentimeta moja haionekani humo. Kazi ya ramani ni kukata. Unaanza na kilometa za mraba elfu tatu, unabaki na sehemu nne au tano za kwenda kuzigusa kwa mkono, kila moja ikiwa na swali lake lililoandikwa. Anayefungua ramani akitafuta "dalili ya tanzanaiti" anamaliza bando bure. Anayeuliza kwa nini eneo fulani lisiwemo safarini anaokoa mafuta, maji na magoti.

Palipofungwa

Kawaida ya watu ni kuupenda mlima kwanza na kuuliza leseni baadaye. Geuza mpangilio huo. Fungua ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni, sogea mpaka eneo lako, bonyeza kila poligoni iliyomo. Utaona namba ya leseni, aina yake, hali yake na tarehe. Leseni ya uchimbaji mdogo, ile watu wanaiita PML, kwa vito haizidi hekta 10, kwa hiyo sehemu zenye jina utakuta zimejaa vipande vidogo vimebanana. Leseni ya utafutaji inaweza kumeza vilima vyote unavyoviona. Maombi ambayo hayajaamuliwa nayo yahesabu kama pamechukuliwa, mpaka Afisa Madini Mkazi wa eneo hilo akwambie vinginevyo. Kumbuka pia kwamba Mirerani na Simanjiro yote ziko mkoa wa Manyara, hata kama mawe yake yanauzwa Arusha mjini, kwa hiyo usipeleke swali kwenye ofisi isiyohusika. Kuokota jiwe kwenye leseni ya mtu bila ridhaa yake ni kosa, na hata ardhi iliyo wazi haikupi haki ya kutafuta bila leseni yako au ya mwenyeji wako.

Baada ya leseni, hifadhi. Hifadhi za taifa za Arusha, Kilimanjaro, Tarangire na Mkomazi zifute moja kwa moja. Mipaka yake imechorwa kwenye OpenStreetMap, lakini usiiamini kwa mita; acha kilometa moja nzima upande wa nje. Yapo pia maeneo ya jumuiya za wanyamapori, kama Enduimet wilayani Longido, yenye masharti yake ya matumizi ya ardhi.

Kuna mpaka mmoja ambao hakuna setilaiti itakayokuonyesha: malisho yaliyotengwa na kijiji, alalili za ndama, ambako hata ng'ombe wakubwa wanazuiwa msimu fulani. Kutoka angani panaonekana nyika tupu, tena yenye nyasi nzuri. Mtendaji wa kijiji na laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamaasai, ndio wenye ramani hiyo, vichwani mwao. Wapigie au wafuate kabla ya kuweka nukta ya kwenda kwenye ramani yako, maana nukta iliyoko katikati ya alalili haina kazi.

Mita 300 zinazokuhamisha leseni

Ramani za karatasi za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ramani za zamani za jiolojia na nyaraka nyingi za leseni zimeandikwa kwa datamu iitwayo Arc 1960. Simu yako na Google Earth zinatumia WGS84. Datamu ni makubaliano juu ya umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. Namba zilezile, kwenye datamu mbili, ni sehemu mbili tofauti ardhini. Kwa ukanda wetu tofauti ni takriban mita 300 kaskazini-kusini na takriban mita 90 mashariki-magharibi. Ukiingiza koodineti za Arc 1960 kwenye simu bila kuzibadili, utasimama kaskazini mwa sehemu halisi, na kidogo magharibi yake.

Sasa linganisha na ukubwa wa leseni. Hekta 10 zenye umbo la mraba zina upande wa mita 316. Maana yake kosa hili linakutoa kwenye leseni yako na kukuweka karibu kabisa ndani ya ile ya jirani wa kaskazini. Utachimba kwa nguvu zako zote kwenye shamba la mtu, na simu itakuwa inakuhakikishia kwamba uko sahihi. Ugomvi wa mipaka unaoanza hivi hauishi kwa kuonyeshana simu, kwa sababu kila mmoja simu yake inasema kweli kwa datamu aliyoiweka.

Dawa ni ndogo. Pakua QGIS, programu ya bure ya ramani ya kompyuta. Unapoingiza namba za Arc 1960 za mfumo wa UTM, unaohesabu kwa mita badala ya nyuzi, chagua EPSG:21037 (EPSG ni namba ya utambulisho wa mfumo wa koodineti). Kama ni nyuzi, dakika na sekunde, chagua EPSG:4210. Kisha hamisha kwenda EPSG:4326, ambayo ndiyo WGS84 ya nyuzi, na uhifadhi kama KML, faili la nukta ambalo Google Earth hulifungua. Halafu jaribu kwa kitu kisichohama. Daraja la reli ya Moshi–Arusha linafaa sana, kwa kuwa lipo kwenye karatasi za zamani na linaonekana kwenye picha. Soma koodineti zake kwenye karatasi, zibadili, ziweke Google Earth. Nukta ikiangukia darajani au mita chache pembeni, umefanya sawa. Ikiangukia shambani mita mia tatu kaskazini, datamu haijabadilika.

Makosa mengine ya namba ni ya haraka zaidi lakini hatari vilevile. Nyuzi 3 na dakika 33 ni 3.55, si 3.33, anayeandika 3.33 amejihamisha zaidi ya kilometa 24. Alama ya kutoa mbele ya latitudo ikisahaulika, nukta yako ya Simanjiro inatua kaskazini mwa Kenya, pande za North Horr. Andika desimali tano, kwa sababu ya tano ni kama mita moja ardhini, na ya tatu peke yake ni mita 111. Na kama unatumia UTM, kanda yetu ni 37 kusini kuanzia longitudo 36 kwenda mashariki: Arusha, Longido, Mirerani, Moshi, Same. Ukivuka longitudo hiyo kwenda Mto wa Mbu na Karatu umeingia kanda ya 36, na namba za mashariki zinaanza upya.

Volkano au mwamba wa kale

Swali linalokata eneo kubwa kuliko yote ni hili. Kaskazini yetu imefunikwa na volkano: Kilimanjaro, Meru, Monduli, Ketumbeine, Gelai na nyingine ndogo zisizohesabika. Lava na majivu yake ni changa. Chini yake, na pale ambapo hayakufika, kuna miamba ya kale ya naisi, shisti na marumaru ya Mkanda wa Msumbiji, iliyobanwa na kupikwa ndani ya ardhi takriban miaka milioni 600 iliyopita. Tanzanaiti, tsavoraiti (ganeti ya kijani) na rubi zetu ni za miamba hiyo ya kale. Kwa hiyo kila penye lava juu, futa. Mwamba wa kale unaweza kuwepo chini yake, lakini mtu mwenye nyundo haufikii.

Ramani za jiolojia hutolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Ukipata karatasi ya eneo lako, piga picha safi au uiskani, iweke kwenye QGIS, ibandike kwa kona zake nne ambazo koodineti zake zimeandikwa pembeni, kwa Arc 1960 bila shaka. Sasa unaweza kuilaza juu ya picha ya setilaiti na kuipunguzia rangi mpaka vyote viwili vionekane. Mistari ya karatasi ya zamani inaweza kuwa mita mia moja au mia mbili nje ya pale picha inapoonyesha mwamba ukibadilika. Amini picha kwa mahali, amini karatasi kwa aina ya mwamba.

Hata bila karatasi, maji yanakusimulia. Kwenye koni ya volkano makorongo yanashuka kutoka kileleni kwenda pande zote. Kwenye naisi na shisti yanafuata mistari: yanakwenda sambamba, yanakata kwa kona kali, yanafuata tena mstari, kwa sababu yanachimba tabaka laini na kukwepa gumu. Kwenye marumaru mifereji ni michache, maana maji mengi huzama.

Mtego mkubwa uko mashariki na kaskazini-mashariki ya Meru. Kuanzia Momela kuelekea tambarare za Sanya kuna mamia ya vilima vidogo vimesimama peke yake, na mtu asiyejua angeviwekea nukta vyote akidhani ni mwamba wa kale uliojitokeza. Ni vifusi vya Meru. Ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka zamani na kumwaga mabonge yake mpaka huko. Volkano tupu. Kwa upande mwingine, mlima Longido unaosimama juu ya tambarare iliyozungukwa na volkano ni wa miamba ya kale, na magharibi yake kuna Mundarara, maarufu kwa rubi iliyolala ndani ya zoisaiti ya kijani. Umbo la kilima peke yake halitoshi. Lazima ujue kilitoka wapi.

Jifunze kwa machimbo yanayojulikana

Kabla ya kutafuta kigeni, tazama kinachojulikana. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ambayo ni bure tangu 2015, nenda Mirerani, kusini mwa uwanja wa ndege wa KIA. Ukuta wa kilometa 24 na ushee uliozinduliwa Aprili 2018 utauona wazi. Ndani yake angalia rangi ya vifusi: kijivu kilichoiva mpaka cheusi. Hicho ni kinywe, yaani grafiti. Udongo wa kale wa chini ya maji, uliojaa mabaki ya viumbe, ulibeba kaboni pamoja na vanadi. Ulipopikwa, kaboni ikawa kinywe, na vanadi ndiyo inayoipa tanzanaiti ubuluu wake na tsavoraiti ukijani wake. Kwa hiyo kinywe karibu na marumaru ni ishara inayoeleweka sababu yake, na mimi naithamini kuliko hadithi yoyote ya "hapa babu aliokota".

Sasa angalia ukubwa wa jambo lenyewe. Eneo lote la tanzanaiti lina urefu wa kilometa takriban 7 na upana wa 2. Vilima vya Lelatema vinaendelea kusini zaidi ya hapo, vya miamba ya jamii hiyohiyo. Fuata kwa macho mistari ya naisi na marumaru kutoka Mirerani, uone inapojikunja, inapokatika, inapofunikwa na udongo. Tumia kitufe cha saa kurudisha picha za miaka ya nyuma. Mashimo mapya huonekana kama madoa ya kijivu au meupe yenye mkia wa kifusi upande wa bondeni, na yale yaliyoachwa huota vichaka. Mashimo ya vito hupangana kwenye mstari, kwa sababu wachimbaji wanaufuata mkanda wa mwamba wenye mawe. Shimo la moramu liko kando ya barabara, lina kona za mraba, halina ndugu. Ukishazoea macho yako kwa saa mbili juu ya Mirerani na Mundarara, vigongo vya jirani vitaanza kusomeka.

Kinachofuata ni kujua tabaka zinalala upande gani, kwa sababu ndipo utajua mkanda unaingia ardhini kuelekea wapi. Kigongo chenye ubavu mmoja mlaini mrefu na mwingine mkali mfupi kwa kawaida kinakwambia kwamba tabaka zinalala kufuata ubavu mlaini. Hakiki kwenye korongo linalokata kigongo hicho. Tabaka likivuka bonde huchora V. Ncha ya V ikielekea maji yanakokwenda, tabaka linalala upande huo. Ikielekea maji yanakotoka, linalala kinyume. Isipokuwa tabaka lililolala karibu bapa kuliko mteremko wa korongo lenyewe, hilo hudanganya. Weka ukuzaji wa mwinuko kwenye 2, inamisha picha, ulione korongo kutoka usawa wa macho.

Uangalie pia jua linatoka wapi. Sentinel-2 hupita juu yetu karibu saa tano asubuhi. Mwezi wa Juni jua la saa hizo liko kaskazini-mashariki, na vivuli vinaanguka kusini-magharibi. Mwezi wa Desemba jua liko kusini-mashariki, mwanga unatoka chini ya picha, na jicho lililozoea mwanga wa juu linageuza mambo: makorongo yanaonekana vigongo na vigongo makorongo. Ukihisi mto unapita juu ya mlima, zungusha picha kichwa chini, au chagua ya Juni hadi Agosti.

Kwa umbo tupu la ardhi pakua data za mwinuko za SRTM za mita 30, zilizopimwa kutoka angani Februari 2000, na kwenye QGIS tengeneza kivuli cha milima. Mwanga wa kawaida umewekwa nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi. Mistari ya mwamba inayokwenda kaskazini-mashariki kuelekea kusini-magharibi itajitokeza vizuri kwa mwanga huo, lakini ile inayokwenda sambamba na mwanga itapotea. Kwa hiyo tengeneza tatu: 315, 45 na 90, ulinganishe. Usitarajie kuona genge la mita tano humo. Data za mita 30 hulilainisha, na njia inayoonekana mteremko mwororo inaweza kuwa ukuta.

Rangi, na zinavyodanganya

Kwenye tovuti ya Copernicus Browser jisajili, chagua Sentinel-2, weka mawingu yasizidi asilimia 10, na tarehe za kiangazi, Julai mpaka Oktoba, majani yakiwa yamekauka. Panga bendi, yaani aina za mwanga ambazo setilaiti hupima kila moja peke yake, B12, B11 na B02 kama nyekundu, kijani na buluu. Miamba itaachana kwa rangi kuliko jicho linavyoona. Kisha tengeneza uwiano wa B04 kwa B02, unaong'aa penye kutu ya chuma, na wa B11 kwa B12, unaong'aa penye udongo wa mfinyanzi na baadhi ya madini ya kaboneti. Bendi za B11 na B12 zina pikseli ya mita 20, kwa hiyo mkanda mwembamba kuliko hapo utauona kama kivuli tu, ukibahatika.

Weusi ndio unaopoteza watu wengi. Kinywe ni cheusi, lakini nyika iliyoungua nayo ni nyeusi. Ya moto ina kingo kali, inakata vilima bila kujali mwamba, na picha ya baada ya mvua za vuli haitakuwa nayo. Angalia tarehe tatu angalau, za miaka tofauti. Weusi unaobaki palepale kila mwaka ndio wa kufuatilia. Nukta ndogo nyeusi zilizotawanyika msituni ni matanuri ya mkaa. Duara jeusi lenye uzio ni boma, na boma lililohamwa huacha duara la kijani au la udongo mtupu kwa miaka mingi kwa sababu ya samadi.

Weupe nao una pacha wake. Marumaru hutoa mistari myeupe iliyoinuka, inayokwenda sambamba na mwelekeo wa miamba. Chokaa inayojijenga juu ya udongo wa tambarare kavu ni nyeupe vilevile, ila imelala bapa, haina mstari, na inafuata mabonde. Mistari ya miti ya kijani mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kimekauka, ni ufa au mpaka wa miamba miwili unaoshika maji. Hiyo weka nukta bila kusita, hata kama haina rangi ya kuvutia.

Makorongo

Kwa mawe yanayosafiri na maji, korongo linakukusanyia sampuli ya kilima kizima. Rubi na safaya zina uzito wa karibu mara 4 ya maji, ganeti za kijani 3.6, kwatzi 2.65 tu. Kwa hiyo mazito hutulia maji yanapopunguza mbio: ndani ya kona, nyuma ya mwamba unaokata korongo, na pale korongo linapotoka mlimani kuingia tambarare. Chora mstari kufuata korongo kwenye Google Earth Pro, omba mchoro wa mwinuko, na mahali mteremko unapokatika ghafla weka alama. Tanzanaiti usiitafute hivi, kwa kuwa hupasuka kirahisi na haivumilii safari ndefu ya kugongwagongwa.

Penye makorongo mawili yanayokutana, weka nukta mbili juu ya makutano, moja kila mkono, mita thelathini au zaidi kutoka yanapoungana. Ukichukua sampuli chini ya makutano utapata punje za ganeti usijue zilitoka mkono upi, na utarudi tena kesho. Kila sampuli iwe na ujazo sawa, kwa mfano ndoo moja ya lita 20, la sivyo huwezi kulinganisha nukta na nukta.

Kuibeba ramani porini

Mtandao utakata, panga hivyo. QGIS inaweza kutoa ramani ya vipande kwa faili la MBTiles. Eneo la kilometa 10 kwa 10 kwa ukubwa (zoom) wa 17, ambao pikseli yake ni kama mita 1.2, lina vipande 1,100 hivi, kwa kawaida makumi machache ya megabaiti. Ukubwa wa 18 huzidisha mara nne, na kwa picha ya Sentinel hauongezi chochote. Hata 14 inatosha. Nukta ziweke kama KML au GPX kwenye OsmAnd au Organic Maps. Washa GPS ukiwa bado mjini, simu ishike setilaiti kwa msaada wa mtandao. Baada ya hapo itafanya kazi hata hali ya ndege ikiwashwa, na betri itadumu zaidi. Kwenye korongo refu jembamba makosa ya GPS huongezeka, kwa hiyo panda ukingoni kabla ya kuamini namba.

Njia ya gari ipimwe kwa picha za mwezi wa Aprili au Mei, si za kiangazi peke yake. Tambarare za kijivu kilichoiva zisizo na miti mara nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata masika, na barabara inayopita humo kwenye picha ya Agosti haipo mwezi wa Aprili. Kwa miguu hesabu kilometa mbili kwa saa kwenye vichaka, moja kama unachukua sampuli, na maji lita nne au tano kwa mtu kwa siku. Umbali pimwe kwa kuchora njia halisi inayokwepa magenge.

Kila nukta inayobaki iandikie swali ambalo nyundo inaweza kulijibu. "Weusi huu ni kinywe?" Jibu ni kusugua kidole: kinywe kinapaka kama penseli. "Mstari huu mweupe ni marumaru au chokaa ya juu?" Jibu ni kuvunja uone chembe zinazong'aa. "Tabaka zinalala kaskazini-magharibi kama picha ilivyoonyesha?" Jibu ni dira ya simu juu ya mwamba uliojitokeza, mbali na gari na nyundo, maana chuma huipotosha. Nukta isiyo na swali ifute kabla ya kuondoka. Utafika, utazunguka, utapiga picha, na hutajua umepata nini.

Ukirudi, majibu yaingie kwenye faili lilelile jioni hiyohiyo, pamoja na tarehe ya picha uliyoitumia. Nukta za "hapana" zibaki kwenye ramani kwa rangi yake, hasa zile ambazo rangi ya setilaiti ilifanana kabisa na ya kinywe lakini mkononi ikawa amfiboli nyeusi, madini mengine ya mwamba. Hizo zifungue tena pembeni ya zile za "ndiyo", kwenye B12, B11 na B02, utafute tofauti ambayo jicho liliikosa mara ya kwanza: labda za ndiyo zote ziko mita mia mbili kutoka mstari mweupe na za hapana hazina mstari wowote karibu. Hapo utakuwa na kipimo chako cha kukatia karatasi inayofuata.